Mtoto Anapimwa, Mama Haulizwi



Katika mji wetu wa Dodoma liko jina moja la hospitali ambalo limegeuzwa kuwa mzaha na tusi. Mtu akikasirika kupita kiasi sokoni Majengo, au akionekana akizungumza peke yake njiani, wenzake humnyoshea kidole na kusema, "Huyu wa Mirembe." Mzaha huo umeenea nchi nzima. Hospitali ya Mirembe ilianzishwa wakati wa utawala wa Waingereza, katika miaka ya 1920, nayo leo ndiyo hospitali ya taifa ya afya ya akili. Wagonjwa huletwa hapa kutoka mikoa ya mbali, wengine kwa safari ya siku nzima na zaidi. Lakini binti wa miaka 16 anayenyonyesha katika kijiji cha Bahi au Chamwino, ambako basi hutumia saa moja na kitu kufika mjini, akishikwa na ugonjwa wa sonona hafiki kabisa. Ni kwa nini tiba iliyo karibu hivi imekuwa mbali naye kiasi hicho? Hilo ndilo swali tunalotaka tulitafakari pamoja juma hili.

Binti huyo si mmoja. Utafiti wa taifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015–16 ulionyesha kwamba miongoni mwa wasichana wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 19, asilimia 27 walikuwa wameshazaa au walikuwa na mimba ya kwanza. Katika mkoa wa Dodoma walikuwa asilimia 39. Utafiti kama huo wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa kiwango cha taifa kimeshuka hadi asilimia 22, na kwa hilo tunashukuru. Hata hivyo, asilimia 22 maana yake ni zaidi ya msichana mmoja katika kila watano. Wengine wameolewa, kwa kuwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya wazazi, jambo ambalo Mahakama Kuu mwaka 2016 na Mahakama ya Rufani mwaka 2019 zilitamka kuwa linapingana na Katiba. Wengine walikuwa wanafunzi. Wengine walikwenda Dar es Salaam kufanya kazi za ndani, wakarudi nyumbani na mimba bila ya mshahara.

Yafaa kwanza tuelewane juu ya ugonjwa wenyewe. Wakunga wanajua kwamba katika siku za kwanza baada ya kujifungua, akina mama wengi hulia bila kujua wanalilia nini. Hali hiyo ni ya kawaida, na kwa wengi huondoka yenyewe ndani ya majuma mawili. Sonona ni jambo jingine. Mama hukosa usingizi hata mtoto anapolala, chakula humkinai, na mambo aliyoyapenda hayamfurahishi tena. Hujiona hana thamani, na pengine huwaza kwamba mtoto angekuwa salama zaidi mikononi mwa mtu mwingine, au kwamba yeye mwenyewe afadhali asingekuwapo. Mara nyingi ugonjwa huanza tangu mimba. Huo si uvivu wala utovu wa shukrani, na haumshiki mtu kwa sababu ya dhambi yake. Ni ugonjwa, na unatibika kwa mazungumzo yenye utaratibu na, panapohitajika, kwa dawa, ambazo baadhi yake mama anaweza kuzitumia huku akinyonyesha chini ya uangalizi wa daktari.

Kwa wasichana hatari ni kubwa. Katika kituo cha afya cha Kangemi, Nairobi, watafiti waliwachunguza wajawazito 176 wenye umri wa miaka 15 hadi 18, wakatoa matokeo yao mwaka 2018. Karibu theluthi moja walikuwa na dalili za sonona nzito. Kangemi ni mtaa wa mji mkubwa na Chamwino ni vijiji vya uwele na mtama, lakini hofu ya msichana aliyefukuzwa nyumbani haitofautiani sana kati ya huku na kule.

Sasa tuvitazame vizuizi vyenyewe. Waswahili husema mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii ni ya hekima, lakini humtupia mgonjwa lawama yote. Kwa habari ya binti huyu, wanaoficha maradhi ni wengi, na yeye mwenyewe ndiye mwenye sehemu ndogo kuliko wote.

Kizuizi cha kwanza ni jina. Binti hasemi, "Nina sonona." Huenda hajawahi kulisikia neno hilo. Husema kichwa kinamuuma, moyo unamwenda mbio, mwili hauna nguvu, ana mawazo. Nyumbani huyasema hayo kwa Kigogo, Kirangi au Kisandawe, kisha humbidi ayafasiri kwa Kiswahili mbele ya mhudumu mwenye foleni ndefu. Hupimwa malaria, hupewa dawa ya maumivu, na hurudi nyumbani. Hakuna aliyemdanganya, lakini ugonjwa wake haukutajwa. Na akitokea mtu wa kumwambia kwamba shida iko katika hisia na fikra zake, neno moja tu hujitokeza katika akili za ndugu zake, nalo ni Mirembe. Mzaha tunaocheka sokoni hubadilika hapo na kuwa ukuta. Mama mzazi huona ni heri binti aitwe mvivu kuliko kuitwa kichaa, kwa maana mvivu anaweza bado kuolewa.

Kizuizi cha pili ni ruhusa na nauli. Sera yetu ya afya inataka wajawazito na watoto walio chini ya miaka mitano wahudumiwe bila malipo, lakini basi halipandwi kwa sera. Fedha ya nyumbani iko mikononi mwa baba, mume au mama mkwe. Katika nyanda hizi zetu kavu, ambako mvua ni ya msimu mmoja na ghala hupungua kabla ya mavuno, safari ya kwenda kutibiwa "mawazo" huwa ya mwisho katika orodha ya matumizi. Binti hawezi kujiamulia, maana yeye ni mama kwa mtoto wake na bado ni mtoto kwa wazazi wake.

Kizuizi cha tatu kimo ndani ya kliniki. Msichana huketi kwenye benchi moja na wanawake wenye umri wa mama yake, nao humtazama. Katika baadhi ya zahanati mjamzito hutakiwa aje na mwenza wake ili wapimwe pamoja Virusi vya Ukimwi, na asiye na mwenza huambiwa alete barua ya mwenyekiti wa kitongoji au wa kijiji. Nia yake ni njema, kwa kuwa upimaji huo umewakinga watoto wengi. Lakini tumfikirie binti ambaye aliyempa mimba amemkana, akienda kumwomba kiongozi wa kijiji barua ya kuthibitisha kwamba amekanwa. Baada ya hapo, atapata wapi ujasiri wa kumwambia mtu yeyote kwamba halali usiku?

Kizuizi cha nne ni hofu ya sheria. Tangu Sheria ya Elimu iliporekebishwa mwaka 2016, anayempa mwanafunzi mimba anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Sheria hiyo iliwekwa ili kumlinda mtoto wa kike. Lakini familia mbili zikishakubaliana kuyamaliza nyumbani kwa ng'ombe au kwa fedha, binti hugeuka kuwa ushahidi unaotakiwa kunyamaza. Huonywa asimwambie mtu neno. Na mtu aliyekatazwa kusema yaliyompata atatibiwaje kwa mazungumzo? Aidha, Kanuni ya Adhabu katika kifungu cha 217 inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Basi binti aliyefikia ukingo huo husikia habari za polisi kabla ya habari za daktari, na ndugu zake, kwa kumpenda, humficha. Nchini Kenya, Mahakama Kuu ilitamka mwezi Januari 2025 kwamba kifungu cha namna hiyo kinapingana na katiba yao. Tunaamini wabunge wetu, wanaokutana hapa hapa Dodoma, wanaweza kulitazama jambo hili bila kudharau hata kidogo utakatifu wa uhai.

Kizuizi cha tano ni tafsiri ya ugonjwa. Huyu husema binti amerogwa, yule husema ana mapepo, na mwingine husema anaadhibiwa kwa alichokitenda. Sisi tulio wachungaji hatuwezi kukaa kimya juu ya hilo. Sala ni njema, na Kanisa linayo sakramenti ya kuwapaka wagonjwa mafuta. Lakini Kanisa hilo hilo limejenga zahanati na hospitali, kama ile ya Mtakatifu Gaspar kule Itigi, kwa sababu halikuona ugomvi kati ya sala na dawa. Asiyeona haya kumpeleka hospitali mama aliyetokwa na damu baada ya kujifungua, asione haya kumpeleka aliyeishiwa na tumaini.

Liko jambo moja ambalo hutushangaza zaidi ya yote hayo. Kanuni yetu ya Adhabu, katika kifungu cha 199, inasema juu ya mama anayemuua mtoto wake mchanga aliye chini ya umri wa miezi 12. Kifungu hicho kinatambua kwamba akili yake yaweza kuwa imevurugika kwa kuwa hajapona sawasawa athari za kuzaa, na kwa hiyo kosa lake halihesabiwi kuwa mauaji ya kukusudia. Kumbe sheria inajua! Inajua kwamba katika miezi 12 ya kwanza akili ya mama yaweza kuugua. Lakini inayakumbuka hayo mahakamani, wakati mtoto ameshazikwa na mama yuko kizimbani. Jambo lililojulikana kwa hakimu kwa miaka mingi hivyo lingepaswa kuulizwa zahanatini mapema.

Na nafasi ya kuuliza ipo. Mtoto wa Tanzania huletwa kliniki kwa chanjo akiwa na majuma 6, majuma 10, majuma 14, kisha miezi 9, na tena miezi 18. Kati ya siku hizo huletwa kupimwa uzito. Huwekwa kwenye mizani, uzito huandikwa kwenye kadi, na mstari ukishuka mama huulizwa anamlisha nini. Basi binti tunayesema hafikiki kwa tiba huja mwenyewe, kwa miguu yake, akiwa na mtoto mgongoni, mara nyingi katika mwaka ule ule wa hatari. Hatuna haja ya kumsaka. Kinachokosekana ni swali moja au mawili: "Katika majuma mawili yaliyopita umekuwa na huzuni, au umejiona huna tumaini? Mambo uliyoyapenda bado yanakupendeza?" Kwa maoni yetu, tiba ya sonona kwa mama hawa wadogo lazima ianzie penye mizani ya mtoto. Hapo hakuna anayejulikana kwa jina la ugonjwa wake, kwa maana kila aliyepo ameleta mtoto kupimwa.

Maswali ya namna hiyo si mageni kwetu. Katika miaka ya 1970 daktari Mwingereza John Cox aliwachunguza wanawake 263 nchini Uganda, akachapisha matokeo yake mwaka 1979. Alikuta kwamba sonona ya wajawazito na wazazi si ugonjwa wa Ulaya peke yake. Mwaka 1987 yeye na wenzake walitoa orodha ya maswali 10 iliyopewa jina la mji wa Edinburgh, ambayo leo hutumika katika nchi nyingi kuwatambua akina mama wenye sonona.

Kuuliza bila ya kuwa na cha kutoa ni ukatili, na hapa muuguzi aliye peke yake zahanatini ana haki ya kutuuliza, "Nikishamtambua, nimpeleke wapi?" Jibu liko karibu. Katika vijiji 30 vya Rakai na Masaka, kusini mwa Uganda, watafiti walianza kwa kuwasikiliza wenyeji, wakakuta wanayo majina yao wenyewe ya ugonjwa huo, mojawapo likiwa na maana ya kujichukia. Waliwafundisha wenyeji wa huko huko, ambao hawakuwa madaktari, kwa majuma mawili tu. Hao waliongoza vikundi vidogo, wanawake peke yao na wanaume peke yao, wakikutana mara moja kwa juma kwa majuma 16. Walizungumza juu ya msiba, ugomvi, upweke na mabadiliko ya maisha. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003: katika vijiji vyenye vikundi waliobaki na sonona walikuwa asilimia 6.5, na katika vijiji visivyo na vikundi walikuwa asilimia 54.7. Mjini Harare, nchini Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwatumia bibi wa mtaani, waliofundishwa, kuwasikiliza wagonjwa kwenye benchi la nje ya kliniki.

Tanzania nayo inao wa kuifanya kazi hiyo. Mwaka 2024 Serikali ilizindua mpango wa kuwaandaa wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 130,000 katika kipindi cha miaka mitano. Wahudumu hao wafundishwe pia kuongoza vikundi vya mama wadogo, siku ile ile ya kliniki, pale pale kituoni. Wagonjwa wachache watakaohitaji dawa wapewe katika kituo cha afya, na wachache zaidi watakaozidiwa wapelekwe Mirembe kwa heshima, kama vile mwenye uzazi mgumu anavyopelekwa hospitali ya mkoa.

Wapo waamini watakaotuambia, "Baba Padre, mkiwabembeleza hawa, wengine wataiga." Hoja hiyo tunaiheshimu, kwa kuwa hutoka kwa wazazi wenye hofu ya kweli juu ya binti zao. Lakini hakuna binti aliyetafuta mimba kwa sababu alimwona mwenzake akitibiwa. Kinachowafikisha huko ni umaskini, ahadi za uongo, kulazimishwa, na kutofundishwa. Kumwacha mgonjwa bila tiba ili wengine waogope ni kumtumia mtu kama kibao cha barabarani. Tena adhabu hiyo haimwangukii yeye peke yake, kwa sababu mtoto anayenyonyeshwa na mama asiye na nguvu ya kumtazama hupungua uzito, na mtoto huyo hakukosa neno. Itakumbukwa pia kwamba kwa miaka mingi wanafunzi waliopata mimba waliondolewa shuleni, na mwaka 2017 msimamo huo ulitiliwa mkazo, hadi Serikali ilipowafungulia tena milango mwezi Novemba 2021. Kurudi darasani ni sehemu ya kupona, lakini aliye na sonona hawezi kuutumia mlango uliofunguliwa mpaka amepata wa kumshika mkono.

Katika parokia na vigango vyetu yapo mambo yasiyohitaji bajeti ya Serikali. Ubatizo wa mtoto usigeuzwe kuwa fimbo ya kumchapia mama yake. Sheria ya Kanisa inataka ridhaa ya wazazi, au ya mmoja wao angalau, pamoja na tumaini kwamba mtoto atalelewa katika imani. Na marehemu Papa Fransisko mwaka 2013 aliwakemea waziwazi wanaomfungia mlango mama asiye na mume anayeomba mtoto wake abatizwe. Akina mama wa WAWATA wanajua kupika uji, kushika mtoto kwa saa moja mama alale, na kutunza siri. Jumuiya Ndogo Ndogo hukutana kila juma nyumba kwa nyumba, na hujua ni nyumba ipi ina binti ambaye siku hizi hatoki nje. Kazi ya jumuiya si kumtibu, maana tiba ina wenyewe, bali ni kumsindikiza: mmoja amlipie nauli, mwingine aketi naye kwenye foleni, na wa tatu azungumze na baba yake.

Basi tunaomba jambo moja. Siku ya kliniki ya mtoto itakapofika kijijini kwenu, mtu mzima mmoja wa jumuiya aende pamoja na binti wa jirani, ambebee mkoba, na mtoto akishashushwa kwenye mizani amwambie mhudumu kwa upole, "Na mama yake tunaomba umsikilize." Anayehitaji kutafutiwa mahali pa kupeleka mgonjwa afike ofisi ya parokia siku yoyote ya juma, nasi tutamwelekeza.

Tuonane juma lijalo, Mungu akipenda.